Shikamoo ya Kona ya Mwisho

Ipo nchi moja, jirani kabisa na hiyo unayoishi wewe msomaji, ambayo jina lake sitalitaja kwa sababu wenyewe hawapendi kutajwa isipokuwa kwa kusifiwa. Nchi hiyo haina theluji. Ina jua, ina vumbi, ina mihogo mizuri sana, na viongozi inao wa kutosha. Theluji tu ndiyo iliyosahauliwa, na hata hilo Serikali imeahidi kulishughulikia katika kipindi kijacho.

Sasa, msichana mmoja wa nchi hiyo, Semeni, alikwenda ng'ambo kusomea uuguzi, na huko kwenye baridi akapenda mchezo ambao nyumbani hakuna aliyewahi hata kuuota. Mchezaji hulala chali juu ya kitu mfano wa kitanda cha mtoto, chenye vyuma viwili chini, kiitwacho sleji. Miguu inatangulia, kichwa kinafuata, na mtu anaachiwa kwenye mfereji wa barafu unaoteremka mlima mzima kwa kupindapinda. Anakwenda mbio kuliko basi lililokatika breki. Usukani hakuna, anaongoza kwa mapaja na mabega, na mengine anamwachia Mungu.

Kocha wake, mzee wa huko aitwaye Ulrik, alikuwa na somo moja tu, na alilirudia mpaka akawa anachosha. "Kichwa chini," alisema. "Ukikiinua, upepo unakushika na sleji inayumba. Kwenye kona ya mwisho shingo yako ndiyo itakayolipa." Semeni alilala na maneno hayo na kuamka nayo. Alikuwa mwoga, jamani, si shujaa kama magazeti yalivyokuja kuandika. Kila alipofika chini akiwa mzima alilia kidogo ndani ya kofia yake ngumu, kisha akapanda tena. Tangu azaliwe hakuwahi kuwa wa kwanza katika jambo lolote, na hapa alikuwa wa kwanza katika nchi nzima, hata kama ni kwa sababu alikuwa peke yake.

Wenye mchezo wao wana utaratibu mzuri. Katika Michezo ya Baridi hutenga nafasi moja kwa ajili ya nchi zisizo na theluji, ili mashindano yasiwe ya matajiri watupu. Sharti ni mchezaji awe amemaliza salama mashindano kadhaa kwenye barafu inayotambulika. Semeni akayamaliza yote, na nafasi ikatoka. Lakini nafasi hupewa nchi, si mtu, na nchi ndiyo humtaja wa kuijaza. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

*

Habari zilipofika nyumbani asubuhi, Shirikisho la Taifa la Kuteleza Chali lilikuwa halipo. Kufikia chai ya alasiri lilikuwepo, tena lina mwenyekiti, makamu wa mwenyekiti, mlezi, mshauri wa mlezi, na gari. Mwenyekiti alikuwa Bwana Tindwa, mtu mnene mwenye sauti ya upole, ambaye tayari alikuwa mwenyekiti wa michezo mingi, baadhi yake haijawahi kuchezwa.

Semeni akapigiwa simu arudi kupokewa kwa shangwe. Akarudi. Matarumbeta yalipigwa, akavishwa shada la maua, kisha Bwana Tindwa akamshika mkono na kumvuta pembeni.

"Hongera sana, binti yangu. Umetutoa kimasomaso."

"Ahsante, Mwenyekiti."

"Sasa kuna suala la haki. Wewe umeiona barafu. Wenzako hawajaiona. Je, hiyo ni haki?"

"Wenzangu gani, Mwenyekiti? Mchezo huu naucheza peke yangu."

"Unaona? Peke yako! Ndiyo dhuluma yenyewe hiyo." Bwana Tindwa akatoa leso na kujipangusa shingo. "Mamilioni ya wananchi hawakupewa fursa ya kuteleza, wewe ukateleza. Mimi sikulaumu, wewe ni mtoto. Lakini nafasi ya taifa haiwezi kwenda kwa mtu kwa sababu tu anaujua mchezo. Huo ni ubaguzi."

Ikatangazwa kwamba patakuwa na mchujo, wazi kwa raia wote. Akajitokeza mmoja: Zamzam, mtoto wa dada yake Bwana Tindwa, msichana mpole aliyekuwa akisomea kupamba keki. Alijitokeza kwa kuamshwa asubuhi na kuambiwa kwamba amejitokeza.

Hazina ilitoa fungu nono la kutengenezea barafu. Kwa kuwa mambo hayafanywi kienyeji, msafara wa wajumbe ulitangulia ng'ambo kuichunguza barafu hiyo, ukarudi na makoti mazuri pamoja na taarifa kwamba barafu ipo na ni baridi. Fungu likaishia hapo. Basi ukachaguliwa mfereji wa saruji wa maji ya mvua, ule unaoteremka kutoka kilima cha Wizara hadi uwanja wa maonyesho, na vikundi vya kina mama vikaombwa kuupaka mlenda. Wakaupaka kwa moyo wote, huku wakiimba. Sleji ya Zamzam iliundwa na fundi vitanda. Ile ya Semeni, ambayo ilikuwa ya kuazima kwa wenye mchezo wao, ilionekana ina vyuma vizuri kupita kiasi, hivyo vikavishwa magunia kwa ajili ya usawa.

Semeni aliyatazama hayo yote. Lakini alijipa moyo, akasema moyoni kwamba mlenda ni wa siku chache tu, na barafu inamngoja.

*

Siku ya ufunguzi alifika mgeni rasmi, Mheshimiwa Mavumba, Waziri wa Michezo na Hali ya Hewa. Akahutubia.

"Ndugu wananchi! Wakoloni walitunyima barafu! Waliichukua yote wakaenda nayo kwao! Leo nasimama mbele yenu kusema: kuteleza si anasa, kuteleza ni haki! Serikali yenu imeteleza, inateleza, na itaendelea kuteleza!"

Watu wakapiga makofi. Semeni akaachiwa kutoka juu ya kilima ili awaonyeshe mchezo unavyochezwa. Akateremka vizuri, magunia na yote, amelala chali, kichwa chini, na akapita mbele ya jukwaa kuu miguu ikiwa imetangulia.

Mheshimiwa aliketi ghafla. "Huyu mtoto," aliuliza, "amenionyesha nyayo?"

Matarumbeta yakanyamaza. Nadhani msomaji unaifahamu desturi ya nchi kama hizo: mdogo hampiti mkubwa bila kumwamkia, na akishamwamkia haendi zake mpaka aitikiwe. Kumpita umelala hakujawahi kufikiriwa hata kutungiwa adhabu. Kikao cha dharura kikaitwa pale pale chini ya turubai. Mjumbe mmoja akapendekeza wachezaji watangulize kichwa, akaambiwa huo ni mchezo mwingine na una shirikisho lake. Mwingine akashauri jukwaa lihamishiwe nyuma ya mfereji, lakini ikaonekana kuwa hapo mgeni rasmi atatazama visogo vya watu siku nzima. Wa tatu akasema nyayo zipakwe rangi za bendera. Huyo aliombwa atoke nje.

Mwisho kanuni ikapita bila kupingwa. Mchezaji afikapo mbele ya jukwaa kuu atainua kichwa na kifua, atamwamkia mgeni rasmi kwa sauti, na atangoja kuitikiwa ndipo alale tena. Alama nyingi zikatengwa kwa heshima, na zilizobaki zikawa za mwendo. Saa ya kupimia haitasimamishwa, kwa kuwa heshima haina saa.

"Mwenyekiti," Semeni alimwambia Bwana Tindwa baada ya kikao, "kwenye barafu nikiinua kichwa nitavunjika shingo."

"Nani amezungumzia barafu, binti yangu? Hapa ni mlenda."

Na kweli, hapo palikuwa na mlenda.

*

Mchujo ulipangwa kuwa wa raundi mbili. Siku ya raundi ya kwanza mgeni rasmi alipata udhuru, na Bwana Tindwa akamwakilisha kwenye kiti.

Alitangulia Zamzam. Aliteremka ameshikilia kitanda chake kwa mikono yote miwili, macho kayafumba. Alipofika jukwaani akainuka, akasema, "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, pita mwanangu," akajibu Bwana Tindwa haraka, na Zamzam akapita.

Ikafuata zamu ya Semeni. Alikuja kwa kasi, akainuka, akajishika ukingoni. "Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahabaaa," akaitikia Bwana Tindwa kwa mapenzi mengi. "Hujambo, binti yangu?"

"Sijambo."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, Mwenyekiti, nashukuru."

"Na shangazi yako Mwatumu? Yule mguu wake?"

"Unaendelea vizuri."

"Mwambie asiache kuukanda. Mwambie namsalimu sana. Na mvua kwenu huko, zimenyesha?"

Saa ilikuwa inakwenda. Watu wengine walicheka, wengine walitazama chini. Semeni alijibu yote, kwa sababu kumkatiza mkubwa anayekujulia hali kungemkosesha zile alama za heshima, naye alizihitaji. Mlenda ukamkauka mgongoni. Jioni ikatangazwa kwamba Zamzam anaongoza, na kwamba mashindano yamekwenda kwa haki tupu.

*

Shangazi Mwatumu ndiye aliyemlea Semeni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na mguu wake ulikuwa unauma kweli. Aliposikia yaliyotokea, alisonya mara moja tu. Kesho yake akabeba kiti, akajikongoja mpaka kwenye mfereji, akaketi mahali pa jukwaa kuu, akavaa miwani yake ili afanane na waziri.

"Haya, njoo," akapaza sauti.

Semeni akateremka. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, na nyum—"

"Umechelewa! Umengoja nikuulize. Usingoje. Mwenye kuulizwa ndiye anayekaa mferejini."

Wakafanya tena na tena. Semeni akajifunza kuanza salamu akiwa bado mbali na kuyatanguliza majibu yote, ili mwulizaji asibakiwe na la kuuliza. Kichwa kinainuka, kifua kinafuata, maneno yanatoka kwa pumzi moja, kisha analala. Mwanzoni ilibidi akumbuke. Baadaye hakukumbuka tena chochote. Alipoona tu umbo la mtu aliyeketi mbele, shingo ilijua la kufanya.

Siku moja alifika chini, akabaki amelala kwenye sleji yake, hakuinuka.

"Una nini?" Shangazi akauliza.

"Naogopa, shangazi. Shingo imeanza kuinuka yenyewe. Jana usiku nimejilaza kitandani, ukaingia chumbani, ikainuka kabla sijajua kama ni wewe."

Shangazi Mwatumu akavua miwani. "Basi acha. Waachie wenyewe mlenda wao."

"Nikiacha ataenda Zamzam, na Zamzam hajui hata kulala juu ya kile chuma. Na mimi je? Nimeteseka kote kule, halafu nirudi kuwa nani?"

Shangazi alimpangusa mlenda usoni kwa pembe ya kanga, taratibu.

"Ukifika huko kwenye barafu yenyewe utaisahau," akasema.

"Nitaisahau," Semeni akakubali, na wote wawili wakajitahidi kuliamini hilo.

*

Raundi ya pili alikuja Mheshimiwa Mavumba mwenyewe. Zamzam aliteremka, akaamkia, akaitikiwa, akapita. Kisha kutoka juu kabisa ya kilima ikaanza kusikika sauti ya Semeni, ikakaribia, naye akachomoza mbele ya jukwaa kichwa juu, mkono kifuani.

"Shikamoo Mheshimiwa nyumbani hatujambo wote wazima shangazi mguu unaendelea vizuri mvua zimenyesha tunaishukuru Serikali!"

"Marahaba!" akasema waziri, akafungua kinywa aongeze neno, akakuta hakuna lililobaki. Semeni alikuwa amekwisha pita.

Bwana Tindwa alianza kunong'ona kwamba alama zingepitiwa upya, lakini waziri alikuwa amesimama na machozi yanamlengalenga.

"Tangu niingie serikalini," akasema, "sijapata kuamkiwa kikamilifu namna hii. Kuna mikoa mizima haijaniamkia hivi. Nafasi ni ya huyu!" Kisha akainua kidole. "Na huko duniani ukaamkie vilevile. Waone kwamba sisi tukiteleza, tunateleza na adabu zetu."

Watu wakamrusha Semeni juu. Alipowekwa chini, Zamzam alimjia, akamkumbatia kwa nguvu, akamwambia sikioni, "Ahsante, dada. Nilikuwa namwomba Mungu nisishinde." Semeni alilia kwa furaha siku hiyo, na mimi simcheki. Alikuwa amepata alichokuwa anakitaka.

*

Msafara wa Michezo ya Baridi ulikuwa mkubwa wa kutia fahari. Walikwenda waziri, Bwana Tindwa, mlezi, mshauri wa mlezi, wake zao, wapiga matarumbeta, na mpaka mlenda wa akiba. Baada ya makoti mapya kununuliwa kwa wote, ilibainika kuwa fungu la mchezaji limeliwa na posho, hivyo Semeni aliombwa awe mzalendo. Alivisugua mwenyewe vyuma vya sleji yake, mlenda ulikuwa umevigandia mpaka vikaota kutu.

Siku za mazoezi alifanya vizuri. Mzee Ulrik alisimama pembeni akisema, "Kichwa chini," na kichwa kilikaa chini. Alishuka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na shingo ilitulia kabisa. Msafara haukuwepo, ulikuwa madukani. Semeni akampigia shangazi simu. "Nimeisahau," akamwambia, na kule upande wa pili akasikia mtu anashusha pumzi.

Siku ya mashindano msafara uliingia uwanjani kwa kuchelewa, kama inavyostahili watu wakubwa, na ukaomba mahali pa heshima. Wenyeji, wasiojua kitu, wakauketisha kwenye kona ya mwisho, pale panapoonekana vizuri.

Semeni alijilaza, akajisukuma. Kona za juu zikampitia vizuri. Hakuogopa. Nataka msomaji alijue hilo: kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya sleji hakuogopa hata kidogo, na mwendo wake ulikuwa mzuri kuliko wowote aliowahi kuupata. Kisha, kati ya vidole vyake vya miguu, akaona makoti yale mapya yamejipanga safu, na katikati yake mtu mmoja ameketi kwa kuegemea, uso umetulia, anangoja kuamkiwa.

Shingo ikainuka.

"Shikamoo Mheshimiwa nyumbani hatujambo—"

Upepo ukamshika kifuani. Sleji ikapanda ukuta, ikamwacha, na barafu ikampokea kwa kichwa, kwa bega, kisha kwa kichwa tena. Alipokuwa anabiringika alisikia kelele za watu wengi kwa lugha nyingi. Juu ya zote akaisikia sauti moja ya pamoja, nzito, iliyoridhika, kutoka kwenye makoti:

"Marahaba!"

*

Shirikisho lilitoa tamko jioni ile ile. Lilisema kwamba mchezaji wetu ndiye pekee katika mashindano yote aliyemwamkia mgeni rasmi, hivyo kwa upande wa heshima taifa limeshika nafasi ya kwanza duniani. Suala la kutofika mwisho litaundiwa tume.

Semeni alikuwa hospitalini, amelazwa chali, shingo imefungwa ndani ya kola ngumu, macho yanatazama dari. Daktari alimwambia asijisogeze, ila kila baada ya muda ajaribu kuchezesha vidole vya miguu. Asubuhi alijaribu, havikucheza. Mchana alijaribu, havikucheza. Daktari alisema, "Tutangoja," akatazama pembeni, na Semeni, aliyekuwa amesomea uuguzi, alijua maana ya daktari kutazama pembeni. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa juu ya chuma chochote.

Jioni mlango ukafunguliwa. Akaingia Mheshimiwa Mavumba, na nyuma yake Bwana Tindwa na makoti mengine. Kitanda kilikuwa kimeelekezwa mlangoni na shuka ilikuwa fupi, hivyo kitu cha kwanza kilichowakabili ni nyayo za Semeni.

Waziri akasimama. Akangoja.

"Semeni," Bwana Tindwa akasema kwa upole, "Mheshimiwa amefika."

Semeni akaendelea kutazama dari.

Bwana Tindwa akamgeukia muuguzi wa zamu na kumwomba akigeuze kitanda upande wa pili. Muuguzi akakataa. Akaulizwa kama mgonjwa ameumia mdomo. Muuguzi akasema hapana, mdomo mzima, asubuhi alikunywa mchuzi.

"Basi, binti yangu," akasema Bwana Tindwa. "Hatukudai kuinuka. Sisi si wakatili. Neno moja tu."

Semeni alilisikia neno lenyewe limekwisha kaa tayari kwenye ulimi, lilivyozoea. Akafunga mdomo. Akafumba macho, akakusanya nguvu zote alizobakiwa nazo, na badala ya kuzipeleka kinywani akazituma chini, mbali, kule ilikokuwa miguu yake. Jasho likamtoka. Makoti yakangoja kuamkiwa.

Kidole gumba cha mguu wa kulia kikacheza. Halafu cha pili yake. Halafu vyote vitano vikatanuka polepole mbele ya uso wa Mheshimiwa Waziri, vikajikunja, vikatanuka tena.

"Anafanya nini huyu?" akauliza waziri.

Muuguzi alikuwa tayari anakimbia kumwita daktari. Semeni alikuwa analia na kucheka mle ndani ya kola yake, na vidole vyake havikusimama mpaka mtu wa mwisho alipotoka chumbani.